Wiki ya Kamera kwenye Jiwe Jeusi: Mtwara, Ngazidja, Mwali

Jumapili, Msimbati: kazi ya mkesha

Anayejifunzia kamera Mtwara hujifunzia kwenye weupe. Mchanga wa Msimbati, kuta za mawe ya matumbawe za Mikindani zilizopakwa chokaa, tanga la ngalawa saa sita mchana: vyote vinang'aa, na mkono huzoea kuongeza mwanga hata bila kufikiri. Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, ni kinyume chake. Kisiwa chote ni kazi ya volkano, Karthala upande wa kusini na La Grille upande wa kaskazini. Jiwe ni jeusi, fukwe nyingi ni nyeusi, hata ukuta wa shamba ni mweusi. Mwenye mkono wa Msimbati akitua kule bila kuubadili, picha zake za siku mbili za mwanzo hutoka zimepauka kama nguo iliyofuliwa kwa jiki.

Sababu iko kwenye kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera. Chenyewe hakijui mchanga wala jiwe; hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Kielekeze kwenye mchanga mweupe, kitapunguza mwanga mpaka mchanga uwe kijivu, ndiyo maana Msimbati huwekwa +1, yaani hatua moja ya mwanga imeongezwa, na jua likiwa kali +1⅔. Kielekeze kwenye jiwe jeusi, kitaongeza mpaka jiwe nalo liwe kijivu. Kwa hiyo Ngazidja ni −1, na jiwe likijaza fremu nzima ni −1⅔.

Asiyeamini afanye jaribio la dakika tano kabla ya kufunga begi. Tandaza shuka jeupe na buibui jeusi kivulini, kimoja kando ya kingine. Acha kamera ijiamulie yenyewe, kisha piga kila kimoja kikiwa kimejaza fremu, usiache hata ukingo wa kitu kingine. Zitazame zote mbili kwenye kioo cha kamera: shuka ni kijivu, buibui ni kijivu, na mtu asiyekuwepo hawezi kukwambia ipi ni ipi. Rudia shuka kwa +1⅔ na buibui kwa −1⅔. Sasa kila kimoja kimerudi kuwa chenyewe. Kidole kikishajua kitufe cha +/− kilipo gizani, nusu ya safari imekwisha.

Begi la mkononi libebe kamera mbili au kamera moja na simu nzuri, lenzi pana ya mm 16–35, lenzi ndefu ya mm 100–400, na moja ya mm 35 yenye tundu kubwa la f/1.8 kwa ajili ya alfajiri. Lenzi ya nne itakuwa mzigo wa mlimani tu. Ongeza kichujio cha polaraizi cha kuondoa mng'ao, kioo cheusi cha kupunguza mwanga mara 64, stendi nyepesi ya miguu mitatu, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, na betri nne kwa kila kamera. Picha moja ya RAW (faili ghafi) ya kamera ya megapikseli 24 hula kati ya MB 25 na 30, hivyo kadi ya GB 64 hubeba kama picha 2,000. Ukipiga 600 kwa siku, wiki itataka zaidi ya GB 100, na nakala yake iwe kwenye diski nyingine ndani ya begi jingine. Kadi isifutwe mpaka urudi Mtwara.

Betri na pawabenki hazikai kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Pawabenki ya mAh 20,000 ni kama Wh 74, iko chini ya kikomo cha Wh 100. Ile ya 30,000 inapita 110, na inaweza kukuacha unabishana kaunta huku wenzako wanapanda ngazi.

Jambo dogo linalokwamisha wengi ni umeme. Tundu za Komoro ni za Kifaransa, pini mbili za duara. Chaja zetu ni za pini tatu bapa. Usinunue adapta tano. Nunua moja nzuri, kisha beba ekstensheni ya kawaida ya nyumbani yenye matundu manne. Adapta inaingia ukutani, ekstensheni inaingia kwenye adapta, na chaja zote zinalala pamoja. Umeme nao hukatika, kwa hiyo chaji kila unapoukuta, usingoje usiku.

Jumatatu: Mtwara, Dar es Salaam, Hahaya

Ratiba hupangwa kuanzia nyuma. Tazama kwanza siku ya ndege ya kurudi, kisha mwezi, kisha maji. Wiki hii ni ya mwisho wa Septemba: kusi limeanza kulegea, masika bado mbali, na mwezi unaandama Jumatano. Mwandamo unaleta bamvua, yale maji makubwa, na kwenye bamvua maji ya pwani hii hujaa kwenye saa 10, alfajiri na jioni, na kukupwa kwenye saa 4. Wavuvi wa Shangani hawahitaji kuambiwa hili, lakini mpiga picha asiyelijua atafika ufukweni wakati kasa wamesharudi baharini.

Mwali, kisiwa kidogo jirani cha Komoro, imewekwa mapema kwenye ratiba kwa makusudi. Huendewa kwa boti ndogo, na upepo ukichafuka boti hazitoki. Anayeiweka siku ya mwisho anaicheza kamari tiketi yake ya ndege.

Saa za Komoro ni sawa na zetu, lakini kisiwa kiko mashariki zaidi, na jua la Moroni hutangulia la Mtwara kwa dakika kama 12. Mwisho wa Septemba linatoka karibu saa 12 kamili asubuhi na kuzama karibu saa 12 kamili jioni. Ukisema "nitatoka saa 12 kasoro" kama ulivyozoea, rangi ya kwanza ya anga imekupita.

Fedha ni faranga ya Komoro, iliyofungwa kwenye euro: euro 1 ni faranga 491.97 kila siku. Beba euro taslimu za noti ndogo. Droni ibaki nyumbani kama huna kibali cha maandishi mkononi.

Kutoka uwanja wa Hahaya kwenda Moroni barabara inakatiza uwanda wa lava. Usipige dirishani. Utaurudia siku ya mwisho ukiwa na mwanga mzuri.

Jioni ya kwanza ni ya msikiti wa zamani wa Ijumaa, Badjanani, kando ya bandari ndogo ya Moroni. Tarehe yake ni 1427. Mbele una safu mbili za matao, moja juu ya nyingine, yote meupe, yanatazama magharibi. Jua likiwa linazama mgongoni kwako, linaingia mpaka ndani ya matao. Chini yake ni mawe meusi. Hapa ndipo mtu aliyekariri "jiwe jeusi ni −1" anakosea: fremu yenye weupe nusu na weusi nusu hukipa kipimo wastani wake chenyewe, na kamera iko sawa kwenye 0. Tatizo linakuwa jingine, tofauti ya mwanga kati ya chokaa na jiwe ni kubwa kuliko picha ya kawaida ya JPEG inavyoweza kubeba. Piga RAW, linda weupe, maana chokaa iliyoungua hairudi, ila jiwe lililofichwa kwenye giza unaweza kulivuta baadaye. Kwa usalama piga tatu mfululizo kwa −2, 0 na +2, kamera ikiwa kwenye stendi. Maji bado yako nusu saa hizo, ngalawa zinaelea. Ukizitaka zimelala juu ya mawe, njoo tena kesho kwenye saa 3 asubuhi.

Jumanne, Moroni

Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba, na mtu wa Mikindani hatapata shida kuvielewa: milango ya mbao iliyochongwa, baraza, kuta zinazobanduka. Mwanga unaingia kutoka juu tu. Usimpige mtu katikati ya kichochoro, macho yatakuwa mashimo. Msogeze hatua mbili kwenye mdomo wa kichochoro, uso ukitazama uwazi, na ukuta mweupe ukiwa upande mmoja. Ukuta huo unarudisha mwanga bure. Mtu mweusi mbele ya jiwe jeusi hupotea, hivyo hakikisha mwanga unamgusa begani au shavuni kwa nyuma, au mwambie mwenzako ashike kanga nyeupe mita moja pembeni.

Ruhusa kwanza. Kingazidja na Kiswahili ni ndugu, na ndugu huchanganyana. Ukishamaliza kupiga, mama mtu mzima anaweza kukwambia "marahaba". Usishangae kuwa hukumwamkia. Kule marahaba ni asante. Mwanamke aliyepaka msindzano, ule msandali wa manjano usoni, mara nyingi yuko kwenye shughuli zake za nyumbani, si maonyesho. Uliza, na ukikataliwa shusha kamera mpaka kiunoni, siyo kifuani.

Jua la saa sita lipishe kwenye jumba la makumbusho la CNDRS, kituo cha taifa cha utafiti. Yupo gombesa aliyehifadhiwa, samaki ambaye wanasayansi walimdhani ametoweka zama na zama mpaka alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Wa pili alinaswa Ndzuani, kisiwa kingine cha Komoro, Desemba 1952. Watu wa Lindi wana hisa yao kwenye habari hii, kwani wa kwanza kuandikwa Tanzania alinaswa Songo Mnara, Kilwa, Septemba 2003. Kupiga kitu nyuma ya kioo: zima flashi, bandika mdomo wa lenzi kwenye kioo ukiziba pembeni kwa kitambaa cheusi, f/4, kasi ya 1/60. Ukisimama mbali utapiga shati lako mwenyewe.

Taasisi hiyo hiyo ndiyo yenye kituo cha kuchunguza volkano ya Karthala. Ulizia hali ya mlima leo, siyo Jumamosi asubuhi ukiwa umeshavaa viatu.

Jumatano, Chindini hadi Hoani

Gari mapema hadi Chindini, ncha ya kusini ya Ngazidja, kisha boti hadi Hoani, Mwali. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe. Kamera iingie kwenye mfuko mkavu, mfuko mkavu ndani ya begi, na begi lisifungwe mwilini. Hakuna picha ya kwenye mkondo wa bahari yenye thamani ya lenzi iliyokunywa chumvi. Miezi hii nyangumi wenye nundu wapo na ndama zao; wakijitokeza, simu yenye kava la maji inatosha. Ukishuka, kitambaa kilicholowa maji baridi kidogo kipite juu ya kamera na stendi kabla chumvi haijakauka. Ikishakauka, ukisugua unakwangua.

Mwali ina vijito, Ngazidja haina mto wa kudumu hata mmoja. Lava yake changa ni kama chujio, mvua inapita moja kwa moja, na watu huishi kwa maji ya matangi. Kwa hiyo safisha vyombo Mwali. Ukiwa Ngazidja tembea na chupa yako ya lita moja na nusu ya usafi. Majivu ya Karthala ya mwaka 2005 yaliingia kwenye matangi hayo hayo, na watu wakabaki bila maji ya kunywa. Usiwe mgeni anayeoshea stendi maji ya kunywa ya wenyewe.

Alhamisi, Itsamia

Itsamia, upande wa kusini-mashariki mwa Mwali, kasa wa kijani hutaga mwaka mzima. Wanajamii ndio wanaolinda na kuongoza, na neno la kiongozi ndilo la mwisho.

Wengi huja na wazo la picha ya usiku. Liache. Mwezi haupo, flashi na tochi nyeupe ni marufuku, na ukipandisha ISO, wepesi wa kamera kushika mwanga, hadi 25,600 utapata kokoto lenye macho. Uzuri wa bamvua ni kwamba maji yanajaa kwenye saa 10 alfajiri: kasa aliyepanda na maji hayo huchukua saa moja hadi mbili kuchimba, kutaga na kufukia, na anarudi baharini wakati mbingu inaanza kupambazuka. Huyo ndiye wa kumngoja.

Kaa ufukweni kuanzia saa 9 na nusu usiku, umevaa nguo za giza, umelala chini nyuma ya mstari wa majani. Kabla ya kuingia mchangani zima vitu vitatu ambavyo kamera huviwasha bila kukuuliza: taa ndogo ya kusaidia fokasi, kioo cha nyuma kinachoonyesha picha ukishapiga, na mlio. Simu iwe imezimwa kabisa. Kasa anapopanda usisogee, kwani akiona kitu anageuka na mayai yake. Akishaanza kutaga, kiongozi atakuita upite kwa nyuma. Utasikia kwanza kabla ya kuona: mchanga ukitupwa na mapezi, pah, kisha kimya, kisha pumzi moja ndefu kama ya mtu aliyetua gunia.

Dakika 15 kabla ya jua, weka ISO 3200, f/2.8, 1/60. Kila dakika tatu au nne tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, na ushushe ISO. Lala ubavuni mwa njia yake, kamwe si mbele yake, mita tano au zaidi, kamera sentimita 20 juu ya mchanga, lenzi ya mm 35. Fokasi iwe kwenye jicho, ambalo mara nyingi lina ute unaotiririka. Ni chumvi inatoka, usiandike chini ya picha kwamba analia. Akishaingia majini geuka nyuma. Jua likiwa chini, alama za mapezi mchangani zinaonekana kama tairi la trekta limepita, na picha hiyo haina mbio: f/11, ISO 100, stendi.

Asubuhi panda kutazama Dziani Boundouni, ziwa lililojaa kwenye kreta, lililoko tangu 1995 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani. Maji yake ni ya kijani na jua la juu ndilo linaloyafaa, saa 4 hadi saa 6, kichujio cha polaraizi kikizungushwa mpaka mng'ao uondoke.

Alasiri ni ya popo wa Livingstone, wanaopatikana Ndzuani na Mwali tu duniani. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita 1.4, na huruka hata mchana. Hapa kanuni inageuka tena. Popo ni mweusi, lakini fremu imejaa anga, kwa hiyo ni +1⅓, si −1. Kinachohesabiwa ni kilichojaza fremu, si kile unachokipenda. Lenzi ya mm 400, kasi 1/1250, na usipige makofi ili waruke. Anayefanya hivyo wenyeji wanamfukuza, na wana haki.

Ijumaa, kurudi kwa njia ya Singani

Boti ya asubuhi na mapema, manahodha wanataka kuwahi sala. Mchana kamera ikae begini. Kuanzia saa 10 jioni ni Singani, kijiji kilichofikiwa na lava ya Aprili 1977.

Lava hii haijalala kama uji. Ni vipande juu ya vipande, vyenye ncha kama chupa iliyovunjwa. Raba za miguu ya stendi hukatika, goti la suruali halidumu. Beba kipande cha godoro cha kupigia goti na glovu moja ya kazi kwa mkono wa kushikia. Jiwe lililopikwa na jua mchana kutwa linachoma. Simu ikiachwa juu yake dakika kumi itajizima.

Picha ya lava hufa kwa jua la juu. Jeusi juu ya jeusi bila kivuli ni doa tu. Jua likiwa pembeni, chini ya nyuzi 20, kila kipande kinapata shavu linalong'aa na shavu la giza. Weka −1⅓, f/11, na ndani ya fremu tafuta kitu kimoja cha kijani: unyasi, jani la mgomba linalochungulia nyuma. Bila hicho mtazamaji hajui kama anatazama mlima au kokoto. Rangi ya mwanga iwekwe kwa mkono, K (Kelvin) 5,200 au 5,500. Jiwe jeusi halina rangi yake, linaazima ya mbingu, na kamera ikiachiwa itakupa picha moja ya buluu na inayofuata ya kahawia mahali pale pale.

Mchanga mweusi wa fukwe za huku una dawa yake peke yake. Ndani mna punje zenye chuma zinazovutwa na sumaku. Chukua sumaku ndogo, izungushie mfuko wa nailoni, ipitishe sentimita moja juu ya mchanga: inaota ndevu. Sasa fikiria spika ya simu, ambayo nayo ina sumaku. Simu isilazwe kifudifudi ufukweni, na begi lisiachwe wazi. Punje zikiingia kwenye matundu ya spika, usipulize kwa mdomo, utazisukuma ndani. Tumia brashi laini simu ikiwa imeinamishwa, kisha sumaku ile ile ya kwenye nailoni kwa nje.

Jumamosi na Jumapili, Karthala

Urefu wake ni mita 2,361. Kiongozi ni lazima, kwa sababu njia hupotea kwenye ukungu na kwenye majivu. Toka saa 12 asubuhi kutoka vijiji vya juu ya Moroni, mashamba ya migomba, kisha msitu, kisha vichaka vifupi, kisha majivu na mawe. Mwenye mzigo atembee saa saba hadi tisa. Mzigo wa kamera usizidi kilo nne: kamera moja, lenzi pana, lenzi ya mm 35, stendi, betri zote. Lenzi ndefu ibaki chini. Maji lita nne kwa kila mtu, juu hakuna.

Baridi ndiyo inayowashangaza watu wa pwani. Kila mita 1,000 joto hushuka nyuzi 6 hadi 7, kwa hiyo Moroni ikiwa 27, juu mchana ni kama 12, na alfajiri ni ya sweta mbili na kofia ya sufu. Betri hufa mapema kwenye baridi. Lala nazo ndani ya blanketi, na ile iliyosoma asilimia 20 usiku usiitupe, ikipata joto la mfukoni hurudisha picha kadhaa.

Mwezi mchanga huzama kwenye saa 2 na nusu usiku. Kuanzia hapo hadi saa 5 kitovu cha Njia ya Maziwa kiko upande wa magharibi. Lenzi ya mm 16, f/2.8, sekunde 20, ISO 3200, fokasi ya mkono kwenye nyota kubwa kuliko zote iliyokuzwa kwenye kioo. Lenzi ikishika ukungu, funga kifuko cha joto au soksi yenye wali wa moto kuizunguka. Wali unafanya kazi, tusicheke.

Ukingoni ufike kabla ya jua. Shimo la Karthala lina upana wa kilomita 3 kwa 4, na hakuna lenzi inayolimeza bila kulifanya lionekane sahani. Unganisha: kamera wima kwenye stendi, mm 35, herufi M (kila kitu unakiweka mwenyewe), f/8, ISO 100, kasi ipimwe upande wenye mwanga zaidi kisha isiguswe, rangi K 5,200, fokasi izimwe baada ya kushika. Piga kutoka kushoto kwenda kulia fremu 9 hadi 12, kila moja ikilalia theluthi ya mwenzake. Anza na kumaliza kwa picha ya kiganja chako, ili nyumbani ujue panorama ilianzia wapi. Mtu mmoja asimame ukingoni kwenye fremu ya tatu, amevaa nyekundu. Bila mtu, kilomita tatu ni mita thelathini.

Usije kutafuta moto mwekundu. Mlipuko wa mwisho ulikuwa Januari 2007. Utakachoona ni majivu, mawe na mvuke. Penye harufu ya yai viza pita haraka na barakoa, gesi hiyo inakula hata vyuma vya kamera. Usibadilishe lenzi juu ya majivu. Punje zake ni za kioo, zikiingia pulizia tu. Anayezifuta kwa kitambaa anachora mistari ambayo hatainunulia dawa.

Saa 3 mawingu yanaanza kupanda kutoka msituni. Saa 4 hakuna shimo, kuna weupe. Shuka.

Jumatatu, kaskazini na uwanja wa ndege

Miguu haitaki, ila gari ndilo linalotembea. Mitsamihuli ni kama kilomita 40 kutoka Moroni. Karibu yake ni Malouja, mchanga mweupe na mawe meusi pamoja, ambako mikono yote miwili, wa Msimbati na wa Karthala, inatumika ndani ya nusu saa. Mibuyu ya kaskazini ipigwe asubuhi na lenzi pana kutoka chini. Ziwa la chumvi la Bangoi-Kuni lisubiri jua lipande. Polaraizi hapa isikazwe mwisho, kwa lenzi pana anga litatoka upande mmoja wa buluu nzito na mwingine umefifia. Hahaya iko njiani. Piga uwanda wa lava dakika ishirini, kunguta viatu na stendi, ingia ndani.

Jumanne, Mtwara: karatasi

Picha za jiwe jeusi huharibikia studio. Kioo cha kompyuta cha dukani huwa kimewashwa mwanga wote. Lava inaonekana vizuri pale, halafu inatoka kwenye karatasi kama lami. Punguza mwanga wa kioo hadi karibu theluthi, kisha chagua picha moja ya Singani na uitoe kwenye karatasi moja ya sentimita 10 kwa 15 ikiwa imegawanywa vipande vitatu: kama ilivyo, vivuli vimeinuliwa nusu hatua, vivuli vimeinuliwa hatua moja kamili. Usihukumu chini ya taa ya dukani. Toka nayo mlangoni, kwenye kivuli cha nje. Kipande ambacho unaona mwanzo wa kila jiwe bila jiwe kuwa kijivu ndicho kipimo cha picha zote za Ngazidja. Za kasa na popo zina kipimo chao, zijaribiwe peke yake.

Megapikseli 24 zinatosha sentimita 30 kwa 45 kwa nukta 300 bila kunyoosha. Panorama ya shimo iachiwe karatasi ndefu, isikatwe ili itoshee fremu ya dukani. Ikitoka kwenye mashine ya wino, ilale bapa usiku mzima kabla ya kuwekwa nyuma ya kioo, kwa unyevu wa Mtwara hata siku mbili. Vinginevyo inanata, na siku ya kuitoa weusi wote utabaki kwenye kioo.